Siku Hadhira Ilipopanda Jukwaani

Nimekuwa afisa utamaduni wa halmashauri kwa miaka saba, na walioniumiza kazini walikuwa watazamaji wangu mwenyewe. Nasema wangu kwa sababu niliwatafuta mimi. Niliwafuata sokoni, nikawapigia ngoma, nikawabembeleza wasogee karibu. Wengi wao nawajua kwa sura, na baadhi tunasalimiana mpaka leo.

Kazi yenyewe ilikuwa na maneno mazuri kwenye karatasi. Sanaa za maonyesho zifufuliwe, wananchi wajengewe utamaduni wa kuhudhuria. Kila robo mwaka nilijaza fomu yenye nafasi ya jina la kikundi, nafasi ya mahali, na nafasi ya idadi ya waliohudhuria. Haikuuliza walikuja kwa nini, wala walirudi nyumbani wakiwa na hali gani. Maonyesho tulikuwa tukiyafanya kwenye ukumbi mmoja mjini Moshi, wenye viti vya plastiki na spika zinazokoroma. Waliokuja walikuwa wake na waume wa wasanii, mlinzi, na watu wachache waliodhani ni semina na kwamba kutakuwa na chai. Tuliwaigizia kunawa mikono, tukawaigizia kupanda miti, tukawaigizia matumizi bora ya choo. Mimi nilikaa nyuma nikiangalia vichwa vikiinamia simu.

Aliyenitoa mle ukumbini alikuwa mwigizaji mmoja, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, ambaye msimu wa watalii hupandisha wageni mlimani na wakati wa masika hushuka kuigiza. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Siku moja, baada ya onyesho ambalo watazamaji walikuwa wachache kuliko sisi, alibandua ndevu zake za bandia akaniambia, "Dada, hawa watu hawaji kwa sababu tunawaigizia mambo yasiyowauma."

"Kinachowauma ni nini?"

"Kihamba," akasema, bila kufikiri.

Mtu wa mlimani haelezwi kihamba. Kwa asiyetoka huku, ni shamba la nyumbani: migomba, kahawa chini yake, ng'ombe bandani, na makaburi ya babu na baba pembeni. Hakiuzwi kirahisi na siku hizi hakitoshi. Baba amekigawa kwa wanawe, wanawe nao wamekigawa, hadi kati ya ndugu na ndugu umebaki mstari mmoja wa masale, mimea ya mpaka. Mwanamume akifa, wapo ndugu wanaosubiri matanga yaishe ndipo waanze kumsukuma mjane. Wapo wasiosubiri.

Tulizunguka miezi mitatu, yeye na mimi, Mwika na vijiji vya jirani, tukisikiliza. Sikuwa mgeni wa mambo haya. Nimezaliwa mlimani, kwenye familia ya Kilutheri ya kahawa na ng'ombe wawili, na nikiwa mtoto nilimwona baba yangu mdogo akimtimua shangazi kwa mpini wa jembe, mchana kweupe, majirani wakiangalia kutoka juu ya mfereji. Lakini sikujua kama mambo hayo ni mengi kiasi kile. Mama mmoja alisogeza kilemba akatuonyesha sikio lililobaki nusu. Mwingine alisimulia alivyotoka asubuhi kukamua akamkuta ng'ombe wake amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, amekaa chini kama mbwa, analia. Mzee mmoja alitueleza jinsi alivyoichoma nyumba ya kaka yake. Alipofika kwenye sehemu ya moto akacheka, kisha akatuuliza kama tutakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Tukachukua kipande hapa na kipande pale, tukahakikisha hakuna nyumba moja itakayoonekana. Igizo lenyewe lilikuwa fupi. Mume anakufa, shemeji anakuja na panga, anafyeka migomba ya mjane, anamburuta mpaka barabarani. Nusu ya pili mjane anarudi.

Mkuu wangu wa idara, bwana mstaarabu aliyependa shughuli ziishe salama, alisoma hati mbele yangu.

"Hii itawaudhi watu," akasema.

"Wakiudhika, bosi, angalau watakuwa wamekuja."

Alicheka, akatia sahihi. Na mimi nilicheka.

Tulichagua siku ya gulio. Jukwaa tulilitengeneza kwa mbao juu ya makreti ya soda, katikati ya kina mama wa ndizi upande mmoja na wauza majembe na mapanga upande wa pili. Kulikuwa na manyunyu asubuhi, udongo mwekundu ukashika viatu, lakini saa nane jua lilitoka. Ngoma ilipigwa kidogo tu watu wakajaa. Kina mama waliacha mikungu yao wakaja na vitoto mgongoni. Wanaume walitoka vilabuni na vikombe mkononi. Wazee wetu walivuta makreti wakakaa. Mjane alipoanza kuongea na jeneza la mumewe, soko zima lilinyamaza. Shemeji alipobisha hodi, mama mmoja akapaza sauti, "Usimfungulie huyo!" na wengine wakadakia, "Usimfungulie!"

Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa machozi yakinilengalenga. Miaka sita nilikuwa sijawahi kusikia mtazamaji akimsemesha mwigizaji.

Mwigizaji wangu aliingia na panga la mbao lililopakwa rangi ya fedha. Tulikuwa tumesimamisha magogo matatu ya migomba jukwaani, tumeyakata mapema na kuyashikiza kwa kamba ili yaanguke kwa urahisi. Kila gogo lilipoanguka kina mama waliguna kama waliopigwa tumboni. Kisha akamshika mjane nywele, akamburuta.

"Toka! Mume wako ameoza, na wewe nenda ukaoze kwenu!"

Hapo mwanamume mmoja akatoka upande wa wauza majembe. Alikuwa mtu wa makamo, kifua kipana, kofia ya sufu kichwani, na panga mkononi ambalo alikuwa ametoka kulinoa palepale sokoni. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kufungua zizi lake. Akapanda jukwaani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amekutuma unicheze?"

Mwigizaji alidhani ni mlevi anayetaka kuingilia, jambo lililokuwa la kawaida kwenye maonyesho ya nje. Akamjibu kwa sauti ya igizo, "Na wewe ni nani katika ukoo huu?"

Watu wakacheka. Panga likashuka.

Walipiga makofi. Hilo ndilo huwa linanishinda kulisimulia. Mwigizaji aliinua mkono wa kushoto kujikinga, vidole viwili vikadondoka kwenye mbao, ncha ya panga ikamfungua bega, na watu wangu wakapiga makofi. Mmoja alipiga mluzi. Walikuwa hawajawahi kuona igizo zuri kiasi kile. Pigo la pili lilimkosa likazama kwenye gogo la mgomba, maji ya mgomba na damu vikaruka pamoja, na makofi yakazidi.

Ndipo mama aliyecheza mjane akapiga yowe akimwita mwigizaji kwa jina lake. Jina la nyumbani, si la kwenye igizo. Kwa jina hilo hadhira ikajua.

Nilichotarajia ni kwamba watakimbia. Walipanda jukwaani. Makreti yalivunjika chini yao, mbao zikaenda upande, na yule mwanamume akazama katikati ya watu kabla hajalichomoa panga lake kwenye mgomba. Niliona mtu akimpiga kwa ubao wa jukwaa. Niliona mama mwenye mtoto mgongoni akimpiga kwa kiatu, mtoto akiruka kwa kila pigo. Walio nyuma hawakuona kilichotokea, basi mmoja akauliza, "Ni nini?" na mwingine akamjibu kwa neno ambalo huku kwetu ni hukumu: "Mwizi!"

"Mwizi! Mwizi!"

Hakuwa ameiba kitu. Lakini neno lile lilikimbia mpaka kwenye ndizi na mpaka barabarani, na kila mahali lilipofika lilileta watu zaidi. Nikasikia mtu akiita, "Leteni petroli!" Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Sikuamua kumwokoa, na watu wakiniita shujaa naona haya. Nilikuwa napiga kelele waache, mtu akanisukuma, nikaanguka, nikajikuta juu yake. Alikuwa amejikunja, mikono kichwani, uso umekuwa udongo mtupu. Nikamlalia. Nilidhani wakiniona, mwanamke, mtu wa serikali mwenye kitambulisho shingoni, wataacha. Teke la kwanza lilinipata kiunoni. La pili lilinipata ubavuni, nikasikia kitu kikivunjika ndani kama kuni kavu. Baada ya hapo sikuyatofautisha. Nakumbuka harufu ya mbege na ya nguo zenye unyevu. Nakumbuka yule mtu chini yangu akirudiarudia, "Mae, mae," akimwita mama yake kama mtoto, na damu yake ikiingia sikioni mwangu.

Tuliokolewa na mwigizaji. Alikuwa amefungwa khanga mkononi, khanga yote imekuwa nyekundu, na watu wawili walikuwa wakijaribu kumlaza chini. Akawakataa. Akasimama juu ya kreti moja lililobaki, akatoa ile sauti yake kubwa kuliko mwili:

"Mwacheni! Igizo halijaisha!"

Sijui maneno hayo aliyatoa wapi. Yeye mwenyewe hajui. Lakini watu waligeuka. Miguu ikasimama. Walimtazama kama walivyokuwa wakimtazama robo saa iliyopita, midomo wazi, wakisubiri atasema nini. Aliyumba, akaanguka. Muda ule mfupi ulitosha, kwani muuza nyama mmoja alikwisha kuingiza pikapu yake kati ya watu, na wazee wakatupandisha.

Watatu tulilazwa nyuma ya pikapu moja: aliyekata, aliyekatwa, na mimi. Hapakuwa na gari lingine. Tulishuka kuelekea mjini tukirushwa kwenye kila kona, na kila mrusho mbavu zangu zilinichoma mpaka nikaona weupe. Mama aliyecheza mjane alikaa katikati yetu akiushikilia ule mkono juu. Vidole alikuwa ameviokota, ameviweka kwenye kikombe cha plastiki cha mbege. Hospitalini walituambia haviungiki.

Njiani yule mwanamume alifumbua jicho moja.

"Nani aliwaambia?" akauliza.

"Hakuna aliyetuambia," mwigizaji akasema.

"Muongo. Umevaa mpaka koti langu."

Koti tulilinunua mitumbani. Mwigizaji alianza kumweleza, akaishiwa nguvu. Tulishuka mpaka mjini mabega yetu yakigusana.

Nililala hospitali siku tisa. Mkuu wangu alikuja siku ya tatu na machungwa na barua. Barua ilisema maonyesho yote kwenye mikusanyiko ya wazi yamesitishwa, na kwamba yatakaporuhusiwa yatafanyika ndani, kwa hati iliyopitiwa na kamati, na maudhui yasiyochochea hisia.

"Bosi," nikasema, "igizo lisilochochea hisia si tunalo tayari? La kunawa mikono?"

"Mdogo wangu, watu wale nusura waue mtu."

"Ndiyo."

"Na wewe nusura wakuue."

"Ndiyo."

"Sasa unataka kuwapelekea nini tena?"

Kila nilipofumba macho niliwasikia wakipiga makofi. Niliichukua ile barua nikaiweka chini ya mto, na kwa wiki kadhaa nilikubaliana nayo kimoyomoyo.

Yule mwanamume alivunjwa taya na mguu, akapona, akafikishwa mahakamani, akakiri. Kabla hajahukumiwa, ukoo wake ulikwenda nyumbani kwa mwigizaji. Nilikuwepo, nimefungwa bendeji kifuani. Walikuja wazee wanne, wamevaa makoti ya kanisani, na mmoja ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu, anayekuletea jani hilo amekuja kuomba msamaha, na mkosewa hulipokea hata kama moyo bado unachemka. Ndivyo tulivyolelewa.

Mwigizaji aliwasikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa mapajani, umefungwa nyeupe.

"Shikamooni tena, wazee wangu," akasema. "Nitalipokea. Lakini kwanza mlipeleke kwa mwingine."

"Kwa nani?"

"Kwa shemeji yake huyo mtu wenu. Maana alipanda jukwaani mwenyewe akasema nimemcheza. Mimi nilikuwa simjui. Ni yeye aliyetuambia alichofanya."

Wazee walitazamana. Ilikuwa kweli kabisa, na soko zima lilimsikia. Yupo mjane wa mdogo wake, ambaye miaka miwili nyuma alifyekewa migomba yake yote, akavunjwa kifundo cha mkono, akarudi kwao akiwa na nguo alizovaa tu. Kila mtu kijijini alijua. Hakuna aliyekuwa amempelekea hata jani la mgomba.

Wakaenda. Walitufuata baadaye wakatueleza, na aliyetueleza alikuwa bado hajaamini. Yule mama alitoka mlangoni, akawasalimia vizuri, akalitazama isale, akauficha mkono wake mgonjwa ndani ya khanga.

"Silipokei," aliwaambia. "Nirudishieni kihamba changu, mnipandie migomba. Ikizaa mkungu wa kwanza, mje na jani lenu."

Mzee yule alisema hajawahi kuona mtu akikataa isale. Alisema kwa hasira. Lakini mwigizaji akasema na yeye atasubiri huo mkungu.

Wakati hayo yakiendelea, kulikuwa na jambo lingine. Watu walikuwa wamerekodi kwa simu. Video ya sekunde chache, panga likishuka na makofi yakilia, ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya wanakwaya, ya wanaukoo walioko Dar, ya waliosoma pamoja. Nilianza kupigiwa simu na watu nisiowajua. "Afisa, lini mnaigiza tena lile la mapanga?" Wengine walipiga kutoka Bomang'ombe wakitaka tulipeleke huko. Na mkuu wangu, aliyeniletea barua ya kusitisha, akaniita ofisini akiwa na uso mwingine. Wageni kutoka ngazi za juu serikalini walikuwa wamesikia kwamba wananchi wa huku wana mwamko mkubwa wa sanaa. Walitaka kuona. Palepale sokoni, lile lile igizo, ila safari hii kuwe na mgambo na uzio wa kamba.

"Umetafuta watu miaka yote hii," akaniambia. "Sasa wanakuja wenyewe, unalalamika nini?"

"Wanakuja kuona damu, bosi."

"Wakija wataona igizo."

Aibu yangu ni kwamba nilishawishika. Nililiwaza soko limejaa, nikajiwaza nikiijaza ile fomu. Nilimpelekea mwigizaji habari, nikitumaini atakataa ili nisiamue mimi. Hakukataa. Alikuwa amejifunza kufunga vifungo vya shati kwa vidole vitatu vya kushoto, na mlimani walikuwa wamemwambia apumzike kwanza kupandisha wageni. Alisema akikaa nyumbani atakuwa mtu wa video maisha yake yote.

Siku ilipofika sikuwahi kuona umati kama ule. Watu walikuwa juu ya mabati ya vibanda, juu ya lori la ndizi, juu ya ukuta wa choo cha soko. Walikuwa na simu juu, zimewashwa, kabla hata ya ngoma. Mbele walikaa wageni na mkuu wangu. Nilitembea katikati ya watu nikasikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Anakatwa saa ngapi?" Mbavu zangu zilikuwa zimeshaunga, lakini sikuweza kukaa kando kama mara ya kwanza.

Nikapanda jukwaani. Haikuwa kwenye ratiba.

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba!"

"Mara ya mwisho tulipokuwa hapa, mimi nilikuwa chini ya miguu yenu. Mbavu tatu zilivunjika. Sijui ni mguu wa nani, mwenye mguu anajua. Alikuwepo na mwenzenu chini yangu, na mtu mmoja wenu aliagiza petroli. Huyo nilimsikia sauti. Leo panga ni la mbao. Hakatwi mtu. Aliyekuja kuona damu ashuke aende, asije akapoteza siku yake ya gulio."

Mtu akapiga kelele, "Tumekuja kuhubiriwa?" Bonge la udongo likaruka kutoka kwenye lori likanipiga mdomoni, nikaonja chumvi ya damu yangu. Mgambo akainua fimbo yake. Nikamwambia aishushe. Wa kwenye lori walianza kuruka chini, wengi, wakicheka na kunitukana, wakarudi vilabuni. Nilikaa nikiwaangalia wakiondoka, hadhira kubwa kuliko yoyote niliyowahi kupata, nimeifukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Mkuu wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Waliobaki waliketi. Mwigizaji akaingia. Alipofika pale pa kumburuta mjane, aliinua mkono wa kushoto, ule wa vidole vitatu, soko zima likavuta pumzi. Akabaki hivyo. Hakumburuta. Aliwageukia watu akawauliza kwa sauti yake ya kawaida, si ya igizo, "Nani kati yenu ataniambia niache? Aseme kwa mdomo tu."

Kisha mzee mmoja akasimama, akasema, "Acha, kijana wangu." Akafuata mwingine. Kisha kina mama wote kwa pamoja, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, mpaka wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu vihamba vyao wenyewe, na igizo halikumalizika kabisa siku ile kwa sababu hawakutupa nafasi.

Baadaye, watu wakitawanyika, mama mmoja wa ndizi alinijia. Namjua, ni kiongozi wa kwaya ya kina mama usharika wa karibu, mtu wa heshima. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika kiwiko akanivuta pembeni, nyuma ya mikungu yake ya ndizi za mchare.

"Mwanangu, siku ile ulivaa sketi ya bluu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikupiga teke mara mbili. La kwanza sikujua ni wewe."

Akasogeza mkungu mmoja.

"La pili nilijua."

"Kwa nini, mama?"

Alifikiri. Sidhani alikuwa anatafuta kisingizio. Alikuwa anatafuta jibu la kweli. "Ulikuwa unatuzuia," akasema.

Nikampiga kofi. Mimi, afisa wa serikali, nimelelewa kumwamkia kila aliye mkubwa kwangu, nilimpiga mama wa rika la mama yangu usoni, mbele ya ndizi zake, kwa nguvu mpaka kilemba kikamtoka. Mkono ulinyanyuka kabla sijafikiri, na kwa kitambo kidogo nilihisi utamu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilihisi utamu, na nikataka kumpiga tena, na nikaelewa bila kuelezwa na mtu jinsi teke la pili linavyokuja.

Hakunirudishia. Aliokota kilemba chake, akakikung'uta matope, akakifunga upya taratibu. Nilipiga magoti palepale kwenye udongo nikamwomba msamaha, nikilia. Na yeye alikuwa analia. Tulibaki hivyo mpaka mteja akaja kuulizia mkungu.

Nilijiripoti mwenyewe kwa mkuu wangu. Hakutaka kuliandika. Niliandika mimi, nikapewa onyo, lipo kwenye jalada langu. Kwenye barua hiyohiyo niliomba jambo moja, na baada ya vikao vingi nikalipata: kwamba maonyesho ya nje yaendelee, yasiwekewe uzio, na kila igizo liwe na saa nzima baada yake ya watu kusema walichoona. Watazamaji wamepungua. Siku nyingine wanajaza uwanja, siku nyingine wanakuja wazee kumi na mbwa wao. Yule mjane kesi yake bado iko baraza la ardhi. Nimeambiwa baadhi ya ndugu wamempandia migomba bila kusubiri hukumu, na wengine wameing'oa, na imepandwa tena. Mwigizaji hajalipokea isale.

Gulio la kwanza tulipoigiza tena, yule mama wa kwaya alikuja mapema, akaweka kreti lake mbele kabisa, akakaa na kikapu mapajani. Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa, sijui nimwangalie vipi, ngoma imeshaanza.

"Sogea kidogo, mwanangu," akaniambia. "Umenikinga, sioni."